Vipande Elfu Tatu vya Harusi ya Rukia

Nyinyi mnaotuma video ya harusi kabla pilau halijapoa, nipeni muda kidogo niwasimulie tulivyotuma sisi. Harusi moja, ya saa moja na nusu, ilituchukua karibu mwezi mzima kuitoa Kilwa Masoko na kuifikisha Ulaya. Na kama bibi harusi mwenyewe asingeingilia kati, nadhani mpaka leo ingekuwa njiani.

Mimi naitwa Chande. Shule niliiacha darasa la sita kule Tingi, si kwa ukosefu wa ada wala ukali wa walimu. Lori liliharibika karibu na shule, nikakaa kumtazama fundi siku tatu, na siku ya nne lilipopona nikaondoka nalo. Tangu hapo sikutulia. Nimebeba magunia kule Mtama, nimekokota chumvi Lindi, nimefunga antena juu ya mapaa ambayo wenye nyumba waliogopa hata kuyaegemeza ngazi. Mahali nilipodumu kuliko pote ni kafe ya intaneti ya Masoko, na nilidumu kwa sababu moja: kila nilipodhani nimeijua kazi, kesho yake ilinithibitishia kwamba sijui kitu.

Tulikuwa na kompyuta sita, nne zikifanya kazi, jenereta nyuma ya nyumba na dishi juu ya bati. Intaneti ilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Kuteremsha vitu kulivumilika. Kuvipandisha ndiko kulikokuwa na adha. Wimbo mmoja wa dakika nne ungeweza kukulia karibu nusu saa, hapo mvua isinyeshe. Wingu zito likisimama mbele ya dishi, unazima, unaenda kunywa chai.

Aliyenifundisha mengi ni Mzee Nassoro. Alikuwa mtu wa redio melini miaka thelathini, kazi yake kupokea na kutuma ujumbe baharini, na alipostaafu akarudi Masoko na masikio yaliyochoka na ulimi usiochoka. Kila asubuhi alikuja na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akakaa kompyuta ya pembeni, akasoma makundi ya habari ya Yuzineti. Wengi wenu hamkuyakuta. Siku ya kwanza nilimuuliza ni kitu gani kile, hakina picha wala rangi.

"Ubao wa matangazo wa msikiti unaujua?" akaniuliza.

"Naujua."

"Sasa fikiri ubandike karatasi kwenye ubao wa hapa. Ubao wa hapa unamnakilia jirani yake, jirani anamnakilia jirani yake, hata karatasi ile ile inakuwa imebandikwa kwenye mbao zote duniani. Hazina mwenyewe. Kila kundi na mada yake. Mimi langu ni la redio za zamani."

"Na mtu akitaka kubandika picha?"

Uso wake ukabadilika kana kwamba nimemuuliza kuhusu pombe. "Yuzineti ni ya maneno, Chande. Wapo wanaobandika picha, na filamu, na upuuzi mwingine. Mimi simo."

Hakuwamo, lakini alijua wanavyofanya, maana alijua kila kitu asichokipenda. Akanieleza kidogo kidogo, kila siku kipande, nami nikaandika kwenye daftari. Mbao zile zilijengwa kupokea barua, yaani herufi. Picha au video lazima kwanza ivishwe nguo za herufi, na nguo zina uzito. Vazi la kizamani linaongeza thuluthi nzima ya mzigo. Vazi jipya linaongeza kidogo sana, kwa hiyo siku zote chagueni jipya. Pili, barua moja haiwezi kuwa kubwa kupita kiasi, kwa hiyo faili kubwa hukatwa vipande, kila kipande kikaandikwa namba yake na jumla ya vyote, na mpokeaji huviokota na kuviunganisha. Tatu, ubao una nafasi yake. Karatasi za zamani hubanduliwa ili mpya zipate pa kukaa, na makundi yenye mizigo mikubwa hubanduliwa upesi.

Niliyaandika yote matatu kwa mwandiko mzuri. Kuyaelewa kulikuja baadaye.

Rukia alikuja kafe mwanzoni mwa masika, amefuatana na mama yake, Bi Somoe. Walikuwa watu wa Kilwa Kisiwani, wamevuka kwa mashua ndogo asubuhi ile, miguu yao bado na maji. Nikamwamkia mama shikamoo, akaitika marahaba, kisha akakaa na kumwachia binti aseme.

Rukia alikuwa ameolewa mwaka mmoja na nusu uliopita. Mumewe, Sefu, alikuwa Ulaya kwenye kiwanda cha samaki, hakupata ruhusa ya kuja, kwa hiyo ndoa ilifungwa kwa uwakala. Ami yake Sefu alikaa mbele ya shehe, baba yake Rukia akasema maneno yake, ami akaikubali ndoa kwa niaba ya mwana wa ndugu yake, fatiha ikasomwa, watu wakala. Kwetu hilo halina ajabu. Lakini ofisi ya uhamiaji ya kule iliposoma kwamba bwana harusi hakuwepo kwenye harusi yake, ilimwita Sefu na kumwambia kwamba haielewi. Alikuwa na cheti, nacho hakikuwatosha. Aliwaambia ndoa nzima imerekodiwa. Wakampa wiki nne alete hiyo video, wakaione ndoa inavyofungwa. Asipoleta, ombi la mke linafungwa, anaanza upya, na kuanza upya kule ni miaka miwili mingine.

"Si tuliituma kwa posta, kwenye DVD," Rukia alisema. "Ilifika vipande vinne. Sefu anasema hata havikuwa na namba."

"Tumeni nyingine."

"Kaka Chande, basi la mwisho limekwama njiani tangu Jumanne. Umeona gari lolote limeingia hapa wiki hii?"

Kweli, wakati huo barabara ya kusini ilikuwa udongo, na masika yakikolea tulikuwa kama kisiwa kingine tu. Nikaingiza DVD waliyokuja nayo. Faili lote lilizidi gigabaiti nne. Kwa uzi wetu ule, nilipiga hesabu nikapata zaidi ya mwezi. Barua pepe haikubali hata robo ya robo yake. Nikawaeleza habari ya Yuzineti, kwa furaha zaidi kuliko ilivyostahili, maana nilikuwa natafuta sababu ya kuijaribu tangu siku nyingi.

Bi Somoe alisikiliza mpaka mwisho. "Huo ubao unasomwa na nani?"

"Na kila mtu, mama. Dunia nzima."

"Na mwanangu atakuwa juu yake."

"Kwa vipande, mama."

"Vipande au mzima, humo ndani kuna wanawake wamevua buibui wanacheza. Kuna mimi. Mimi dunia nzima haijanialika, nami sijaialika."

Alikuwa na haki yake, na haki ile ndiyo iliyotuokoa. Tukakubaliana sherehe ya wanawake isitoke kabisa. Tulibakisha wanaume, nikahi, fatiha na chakula, faili likashuka mpaka gigabaiti moja na kitu. Kisha nikalifunga kwa neno la siri, asifungue mtu asiyelijua. Rukia ndiye aliyeliandika, mimi na mama yake tukageukia ukutani. Alipomnong'oneza Sefu kwenye simu, nilisikia mwanamume anacheka mpaka laini ikakwaruza. Sijalijua neno lile mpaka leo, wala Bi Somoe hajalijua, na yeye lilimsumbua zaidi.

Sasa njooni kwenye kosa langu.

Nimewaambia nilibeba magunia Mtama. Nani kati yenu hajui lumbesa? Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezewa kilemba juu, linashonewa kamba, linakuwa na kichwa kama mtu. Tulishindana nani atashindilia zaidi. Gunia lililojaa kawaida tuliliita gunia la mgonjwa. Mtu akishalelewa na lumbesa, akiona nafasi tupu mkono unamwasha.

Mzee Nassoro alikuwa ameniambia kila kipande kisizidi kilobaiti mia nne. Mimi nikachunguza, nikagundua seva yetu, yaani ile mashine yenye ubao wetu, inapokea mpaka elfu moja. Mia nne, na nafasi ipo ya elfu? Nikaona mzee anaongea kiredio chake cha zamani. Nikashindilia vipande mpaka kwenye mdomo wa kiwango, vikawa vichache, vinene, vya kupendeza. Kila kimoja kilipoondoka, seva ilijibu mia mbili na arobaini, ambayo kwa lugha yao ni kusema: nimepokea. Siku tano nikatuma, asubuhi mpaka jioni, nikiona namba ile ile. Rukia alivuka kila siku kuja kuzihesabu.

Siku ya tano Sefu akapiga simu.

"Kaka, mnaanza lini?"

"Kuanza? Tumefika karibu nusu."

"Huku hakuna kitu."

"Hakuna hata kimoja?"

"Kipo kimoja. Kile cha majaribio ulichoandika habari za leo."

Mzee Nassoro, ambaye masikio yake yalichoka lakini hayakuwahi kukosa habari ya aibu ya mtu, alivua miwani.

"Vipande vyako vina ukubwa gani?"

Nikamwambia.

"Nilikwambia mia nne."

"Seva yetu inakubali elfu, mzee."

"Seva yetu ndiyo anayotumia Sefu?"

"Hapana."

"Barua yako inapita mbao ngapi kabla ya kufika kwake?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Kila ubao na mlango wake, na wewe umepima mlango wa kwenu peke yake. Jirani ameona magunia yenye vichwa, ameyatupa nje bila hata kukuandikia. Wewe Chande, ungekuwa melini ningekupeleka ukamenye viazi."

Rukia alichukua daftari langu, akatafuta ukurasa wa kwanza, akanisomea kwa sauti mwandiko wangu mzuri: "Barua moja haiwezi kuwa kubwa kupita kiasi." Akaliweka mezani. Kutukanwa kungekuwa nafuu.

Siku tano zilikuwa zimekwenda. Nikakata upya, mia nne kila kimoja, vikawa vipande elfu tatu mia mbili na kitu. Hapo Mzee Nassoro akanipa shauri jingine, nami, bado nina uchungu wa lile la kwanza, nikalipokea nusu. Alisema wanaotuma mizigo hutengeneza pia vipande vya nyongeza. Programu inalipima faili lote na kuzalisha vipande vya ziada, ambavyo vinaweza kuziba pengo la kipande chochote kilichopotea. Mimi nikasikia neno nyongeza, nikawaza nyongeza ya sokoni, ile ya samaki mdogo anayetupiwa mteja juu ya fungu. Ukimpata unashukuru, ukimkosa hudai. Muda ulikuwa mchache. Nikaona nyongeza tutaacha.

Tukaanza. Siku nzuri vilitoka vipande mia mbili na hamsini, mpaka mia mbili na sabini. Siku ya mvua vilitoka sitini. Rukia alijifunza kazi kuliko watu niliowalipisha kuwafundisha. Alijua namba za seva. Alijua kwamba ukiona programu imetulia mno, imelala, iamshe. Nikienda kuswali nilimwachia kiti. Wateja wakamzoea, wengine wakadhani ni mwajiriwa, na yeye akawagombeza vizuri tu waliotaka kufungua nyimbo wakati harusi yake inapita.

Bi Somoe naye alikuja mara kwa mara kuangalia. "Mmefika wapi?"

"Wageni wananawa mikono, mama," Rukia alijibu.

"Bado? Mimi siku ile niliwanawisha wote kwa robo saa."

Upande wa pili, Sefu aliokota. Seva yake ilitunza mizigo mikubwa siku nne tu, kwa hiyo hakuweza kusubiri tumalize ndipo aanze. Vya mwanzo vingekuwa vimeshabanduliwa kabla vya mwisho havijatoka Masoko. Likumbukeni hili, hata kama Yuzineti hamtaitumia kamwe: mtumaji wa polepole anahitaji mpokeaji asiyelala. Kila akitoka kazini Sefu alikaa kwenye kompyuta ya rafiki yake kuviteremsha.

Siku ya kumi na tatu tukamaliza. Kipande cha mwisho kilijibiwa mia mbili na arobaini, Rukia akafunika uso kwa mtandio, na mimi nikawanunulia watu wote waliokuwamo pweza wa kuchoma. Siku sita zilibaki kabla ya tarehe ya Sefu. Tukajiona matajiri.

Simu ikalia kesho yake asubuhi.

"Kaka, nimerudi leo," Sefu alisema. "Kazini walinipeleka mji mwingine, kiwanda chao kingine. Siku sita. Sikuwa na namna ya kukataa."

Vipande vya siku mbili, moja yake ya mvua, vilikuwa vimebanduliwa kabla hajavigusa. Na juu ya hivyo, vingine zaidi ya mia havikufika kabisa, vimedondoka huko njiani, kimoja hapa kingine pale, na baadhi vimefika vimeharibika. Alijaribu kufungua vilivyopo. Aliona wageni wanaingia, wananawa. Alimwona shehe anakaa, ami yake anakaa, baba mkwe anajiweka sawa na kukohoa. Halafu picha ikaruka. Alichokiona baada ya hapo ni sinia la pilau.

"Nikahi yote haipo?" Rukia aliuliza.

"Mke wangu, wamekaa kuoa, halafu wanakula. Nikiwapelekea hii watasema nimewaletea harusi ya mchele."

Hakuna aliyecheka, naye hakuwa anatania.

Vipande vya zile siku mbili ningeweza kuvirudia kwa mkupuo. Vilivyotushinda ni vile vilivyotawanyika. Sefu alianza kutusomea namba, mia saba kumi na mbili, mia saba arobaini, mia nane na tatu, na kadi yake ya simu ikakata kabla hatujafika elfu moja. Na vilivyoharibika hakuwa na hakika ni vipi.

Nikamtazama Mzee Nassoro. Alikuwa anasoma habari za redio zake, au anajifanya.

"Zile nyongeza, mzee."

"Uliziacha sokoni."

"Nimekosa."

Akageuka. Hakunisimanga zaidi, hilo nampa sifa yake. Akaeleza polepole, kwa Rukia zaidi kuliko kwangu. Nyongeza hizi haziulizi namba. Zikipotea mia tano, unahitaji nyongeza mia tano, zozote, hata usijue ni vipande gani vilivyokosekana. Kwa hiyo Sefu asitusomee orodha. Atuambie idadi tu. Sefu akapiga kwa kadi mpya, akaitaja na akakata: "Mia tano kumi na tatu."

Kuzipika nyongeza mia tano na kumi na tatu kwenye kompyuta zetu zile ilikuwa shughuli. Mashine ilifanya hesabu siku nzima na asubuhi ya pili, ikipumua kama mtu anayepanda kilima, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mchana wa siku ya pili tukaanza kutuma. Siku ya tatu tukaendelea vizuri. Siku ya nne saa tano mimi nikaenda kuijazia maji jenereta, na niliporudi nikamkuta Rukia amesimama.

"Mia nne arobaini na moja," alisema. "Kaka Chande, zote zinajibu mia nne arobaini na moja."

Hiyo maana yake: imekataliwa. Hatukuwa tumefanya kosa. Kampuni ya Dar es Salaam iliyotupatia intaneti ilikuwa na kikomo cha barua ambazo mteja anaweza kubandika kwa mwezi, na sisi tulikuwa tumekipita. Mimi, kusema kweli, niliishiwa. Nilikaa kwenye ndoo. Rukia akachukua simu ya kafe, akasoma namba iliyobandikwa ukutani, akapiga. Ninayakumbuka yale mazungumzo kwa sababu kafe nzima ilinyamaza kuyasikiliza.

"Habari za kazi, kaka. Naitwa Rukia, nipo Kilwa. Mmetufungia kubandika."

Sauti ya kijana, imechoka. "Akaunti yenu imepitisha kiwango, dada. Subirini mwezi uishe."

"Mwezi ukiisha na ndoa yangu itakuwa imeisha."

"Kwani mnatuma nini?"

"Ndoa."

"Mnatuma ndoa kwenye Yuzineti."

"Imebaki vipande mia na arobaini."

"Na bwana harusi yuko wapi?"

"Ndiko inakokwenda."

"Sasa yeye kwenye harusi hakuwepo?"

"Kaka yangu, hilo ndilo swali ambalo ofisi yao inauliza. Wewe nakuomba usiliulize."

Tukamsikia yule kijana anaita mtu, wanazungumza pembeni, mtu anacheka. Akarudi. "Nawafungulia mpaka kesho saa kumi jioni. Zaidi ya hapo bosi wangu atanifungia mimi. Na mwambie fundi wenu hiyo ni laini ya kusomea barua, si bandari."

"Nitamwambia. Mungu akuoze mke mwema."

"Ninaye tayari, dada."

"Basi akuzidishie heri naye."

Tulituma jioni ile yote. Kesho yake ikanyesha kuanzia saa mbili mpaka saa sita, dishi likawa kama sufuria. Saa saba mbingu ikafunguka, tukaingia tena. Saa kumi kasorobo nyongeza ya mwisho ikajibiwa mia mbili na arobaini. Nusu saa baadaye Sefu, aliyekuwa anaziokota moja moja kadiri zinavyofika, akapiga.

"Nina mia tano na kumi na mbili."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara tatu. Moja haikufika. Programu inasema imebaki moja, na bila hiyo haizibi pengo lolote."

Tarehe yake ilikuwa kesho asubuhi. Kubandika kwetu kulikuwa kumeshafungwa. Nilijaribu, ikanijibu mia nne arobaini na moja. Rukia alijaribu kampuni, simu ikaita bila kupokelewa. Tulikuwa na uwezo wa kupika nyongeza nyingine moja, dakika chache tu, na tusiwe na ubao wa kuibandika.

Mzee Nassoro alikuwa na akaunti yake mwenyewe, kwenye seva nyingine, aliyoandikishiwa na wenzake wa redio. Kwa miaka yote hakuwa amebandika humo kitu kisichosomeka kwa macho. Sikuthubutu kumwomba. Bi Somoe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi na hakujua lolote kuhusu msimamo wa mzee, alimgeukia tu.

"Mzee Nassoro, wewe si una ubao wako?"

"Ninao."

"Basi?"

Mzee akavua kofia, akajikuna, akaivaa. Akafungua akaunti yake. "Chande, kisizidi mia nne."

"Ni mia tatu na tisini, mzee."

"Kipime tena."

Nikapima tena. Akabofya mwenyewe, kwa kidole kimoja, kama anayegusa sahani ya moto. Kisha akaandika chini yake barua fupi ya kuwaomba radhi wenzake wa redio, kwamba amelazimika, kuna harusi.

Dakika kumi na mbili baadaye simu ikalia. Sefu hakuongea nasi. Aliweka simu karibu na kompyuta, na kutoka huko Ulaya tukamsikia baba yake Rukia anakohoa, anasoma maneno yake, na ami anajibu kwa sauti iliyonyooka: nimeikubali ndoa ya Rukia binti wa fulani kwa ajili ya mwana wa ndugu yangu, Sefu. Bi Somoe akasema alhamdulillahi. Rukia alisikiliza kama vile ndiyo kwanza anaolewa.

Kesho yake Sefu alituambia yule afisa alitazama dakika nne. Vipande elfu tatu na nyongeza zake, dakika nne. Aliuliza ni nani anayesema, mkalimani akamweleza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena jibu la ami. Akauliza kama kwetu watu hufanya hivi mara nyingi. Sefu akamwambia hufanya pale inapobidi. Afisa akaandika kitu, akamwambia mke wake aanze kutafuta koti.

Rukia aliondoka barabara ilipokauka. Mimi nilibaki kafe miaka kadhaa tena, mpaka simu zenu za mkononi zilipoifanya kazi yangu kuwa mzaha, nikafunga, nikaenda kujifunza paneli za jua. Lakini kabla ya kufunga, mchana mmoja wa baridi ya kwao, alipiga simu kafe.

"Nimefika muda sasa, kaka Chande. Samahani sijapiga."

"Mumeo mzima?"

"Mzima. Yuko sebuleni na wageni, anawawekea ile video. Kila anayeingia humu ndani lazima aione."

"Na wewe uko wapi?"

"Jikoni, nawapikia. Wamekaa wanamtazama ami anaoa kwa niaba yake, wanapiga makofi, na nikipita na sinia wananiambia mimi nisogee, nawazibia."